Kusoma na Kufahamu: Kifungu cha Kiingereza katika Shule za Kilimanjaro

Tarehe 11 Mei, 1848, mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann, akiwa njiani kutoka pwani ya Mombasa kuelekea Uchagga, aliona kwa mbali kilele cha mlima kilichong'aa kwa weupe. Alipomwuliza kiongozi wa safari yake kile cheupe ni kitu gani, alijibiwa kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alikuwa amekulia katika nchi yenye majira ya baridi kali. Aliupima weupe ule pamoja na lile neno, akajua kwamba anachokiona ni theluji. Habari hiyo ilichapishwa London mwaka 1849 katika gazeti la misheni iliyomtuma, na wasomaji wake wakaisoma kwa lugha yao wenyewe, bila ya neno hata moja kuwashinda. Hata hivyo wako walioisoma wasiifahamu.

Mmoja wao alikuwa William Desborough Cooley, mjuzi wa jiografia aliyeandika mengi juu ya bara letu bila ya kulikanyaga. Yeye alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba Rebmann alidanganywa na macho yake. Aliyarudia hayo katika kitabu chake cha mwaka 1852. Ubishi ulikuja kukatwa na Baron Karl Klaus von der Decken, aliyeupanda mlima kwa sehemu mwaka 1861 na tena mwaka 1862, na safari hiyo ya pili theluji ikamwangukia yeye na wenzake. Basi kiongozi wa msafara, ambaye hakuwa na neno la theluji, alikuwa amesema kweli kuliko msomi aliyekuwa nalo.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mwalimu na kila mwanafunzi wa sekondari analijua, nalo ni kifungu cha ufahamu katika mtihani wa Kiingereza. Mtahiniwa hupewa habari fupi, akaisoma, kisha akajibu maswali. Jambo hili limezoeleka mno hata hatujiulizi limetoka wapi, wala limefikaje kwenye vihamba vya Marangu, Uru, Kibosho na Machame, wala limewafanyia nini watoto wa huko. Nalo limewafanyia mengi, kwani wako waliopanda ngazi ya elimu kwa kifungu kimoja, na wako wenzao, wenye akili zisizopungua, walioteremshwa nacho.

Yafaa tukumbuke kwamba Wachagga hawakungoja shule za kigeni ili wajue kusoma alama na kueleza maana yake. Katika mafunzo ya vijana wa zamani, mzee mwalimu alishika fimbo iliyochongwa alama, iitwayo mregho. Kila alama ilikuwa na fundisho lake, naye aliipitia fimbo alama kwa alama, akieleza na kuimba. Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa huko huko mlimani, aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake juu ya malezi ya Wachagga kilichotolewa mwaka 1940. Na kabla yake Bruno Gutmann, aliyeishi kwa miaka mingi Old Moshi, alikuwa amekusanya mafunzo hayo katika vitabu vitatu vikubwa. La kuzingatia hapa ni kwamba alama ya mregho peke yake haikuwa na faida. Mtu angeweza kuzihesabu chonge zote kutoka ncha hadi ncha na asijue lolote. Thamani yake ilikuwa katika maelezo.

Shule za kuandika na kusoma zilikuja na misheni. Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885, lakini hawakudumu. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaingia mwaka 1893. Walutheri walipenda kufundisha kwa Kichagga, Wakatoliki waliegemea zaidi Kiswahili, na serikali ya Kijerumani ilikitumia Kiswahili katika kazi zake. Chuo cha Ualimu Marangu, ambacho kimewapa mlima wetu walimu kwa vizazi vingi, asili yake ni seminari ya Walutheri ya siku hizo za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Katika zama hizo mtihani mkubwa wa kusoma ulifanyika nyumbani. Tumesimuliwa na wazee wetu kwamba mtoto aliyejua kusoma alikuwa mali ya ukoo mzima. Barua ikifika, aliitwa, akaketi mbele ya wazee, akaisoma. Alipomaliza, mzee aliuliza: “Haya, amesema nini?” Hapo mtoto aliyeweza kutamka tu alikwama, ilhali aliyefahamu aliieleza barua kwa Kichagga cha nyumbani, na wazee wakamrudia kwa maswali mpaka jambo likawaka kama taa. Miaka ya 1950, gazeti la Kiswahili la Komkya lilipokuwa likitolewa na Baraza la Wachagga, lilisomwa na kuelezwa kwa namna hiyo hiyo, na mara nyingi masikio yaliyolisikia yalikuwa mengi kuliko macho yaliyoliona.

Kiingereza kilikuja na majeshi yaliyoingia Moshi mwezi wa Machi, 1916. Tangu hapo shauri, hati ya mahakama, barua ya Bwana Shauri na mkataba wa mnunuzi wa kahawa vilikuwa na lugha nyingine. Wakulima walipoanzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, na chama hicho kilipofuatwa na KNCU mwaka 1933, ilionekana wazi kwamba shamba halilindwi kwa jembe peke yake. Joseph Merinyo wa Old Moshi, mmoja wa viongozi wa chama kile cha kwanza, alikuwa amefanya kazi na Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza wa wilaya, na nguvu yake kwa kiasi kikubwa ilitokana na kuweza kusimama kati ya lugha na lugha. Kwa wazazi wa siku zile Kiingereza kilikuwa kama ufunguo wa ghala. Hatuwezi kuwalaumu kwa kukitamani.

Shule ya serikali ya Old Moshi ikasimama, na shule za misheni zikapanda madarasa. Kiswahili kilitumika katika madarasa ya chini, na Kiingereza kikatawala kadiri mwanafunzi alivyopanda. Kila baada ya ngazi chache palikuwa na mlango mwembamba uitwao mtihani: darasa la nne, darasa la nane, darasa la kumi, na mwisho darasa la kumi na mbili, ambapo karatasi zilitoka Cambridge kwa meli na majibu ya watahiniwa yakarudi huko huko kusahihishwa na watu ambao hawakupata kumwona mtahiniwa hata mmoja.

Huko Uingereza kwenyewe desturi ya kupima usomaji ilikuwa na historia yenye dosari. Mwaka 1862 serikali yao iliweka kanuni kwamba fedha za shule zitategemea matokeo: mkaguzi anakuja, mtoto anasoma mbele yake, akifaulu shule inalipwa. Walimu, kwa kuhofia riziki zao, wakawakaririsha watoto kitabu kimoja mwaka mzima. Matthew Arnold, ambaye alikuwa mshairi mashuhuri na wakati huo huo mkaguzi wa shule, alilalamika katika ripoti zake kwamba mtoto aweza kufaulu katika kitabu alichozoeshwa, lakini mpe aya ya kitabu kingine, inamshinda. (Sisi tulio watumishi wa serikali na watunzi wa mashairi kwa pamoja twamwonea fahari ndugu huyo; si kila ripoti ya mkaguzi husomwa baada ya miaka mia moja.)

Wanafunzi wanaoogopa karatasi ya Kiingereza na wajue pia habari hii. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge kilitunga kwa mara ya kwanza mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo. Ulichukua saa 12. Ulikuwa na tafsiri, sarufi, insha, fasihi, matamshi, imla na mazungumzo. Karatasi ya ufahamu haikuwemo. Watahiniwa walikuwa watatu, na wote watatu walishindwa. Miaka minne baadaye, huko Marekani, Edward Thorndike alichunguza makosa ya watoto wanaposoma aya na kujibu maswali, akaonyesha kwamba kusoma ni kufikiri: msomaji hupima kila neno, akalipa uzito wake, akaliunga na mengine. Na Michael West, aliyekuwa akifundisha Dacca katika Bengal, aliandika mwaka 1926 kwamba mwanafunzi wa nchi iliyotawaliwa anahitaji kwanza kusoma Kiingereza kwa faida yake, kabla hajafikiria kukisema kama Mwingereza. West alitunga vitabu vya kusoma vyenye maneno machache yaliyochaguliwa, na njia yake ikaenea katika makoloni. Kwa hiyo wazo lenyewe la ufahamu halikuwa baya. Liliharibika njiani, kama maziwa yaliyosafirishwa juani.

Jinsi lilivyoharibika tunaweza kueleza kwa ushahidi wetu wenyewe, sisi tuliosoma sekondari mlimani katika miaka ya 1980. Vitabu havikutosha. Mwalimu aliandika kifungu ubaoni, nasi tukakinakili katika madaftari, na nusu ya kipindi ikaisha kwa kunakili. Siku moja ya mwezi wa Julai kifungu kilimhusu mtu wa mji wa London aliyechelewa garimoshi. Swali la tatu liliuliza sababu ya kuchelewa kwake. Tulijua namna ya kujibu: tulilitafuta neno la kuchelewa katika kifungu, tukalipata mstari wa nne, tukanakili maneno yaliyolifuata. Maksi zikawa 9 kati ya 10, na daftari tukalipeleka nyumbani tukilishika kwa mikono miwili.

Bibi yetu alikuwa jikoni akimenya ndizi za mtori. Alifurahi kuona alama ya wino mwekundu. Kisha akauliza swali la wazee wake.

“Haya, mjukuu wangu, hicho kitabu kinasema nini?”

“Bibi, ni habari ya mtu aliyeachwa na garimoshi.”

“Pole yake. Aliachwa kwa nini?”

Tukamtajia lile neno la Kiingereza, neno fupi la herufi tatu.

“Ndiyo kitu gani hicho?”

Hatukujua. Tulikuwa tumelipatia maksi, lakini hatukujua kama ni ugonjwa, au ni askari, au ni mto uliofurika. Bibi hakucheka. Alisema tu kwamba siku nyingine tumwulize mwalimu, maana si vizuri kusimulia habari ya mtu bila kujua kilichompata, akaendelea kumenya. Kesho yake tukamwuliza. Mwalimu hakufungua kamusi. Alitugeuza kuelekea dirishani akanyoosha kidole, na nje ya dirisha, kati ya migomba, ukungu ulikuwa umeshuka mzito kiasi kwamba mti wa bendera hauonekani. Tulikuwa tumetembea ndani ya jibu la swali la tatu asubuhi ile, na jana yake, na karibu kila siku ya mwezi ule.

Wala si sisi tu. Mbinu ile ya kuwinda neno ilikuwa imeenea shuleni, na walimu wengine waliifundisha waziwazi kama siri ya kufaulu. Ili msomaji aone hatari yake, na aisome sentensi hii ambayo tumeibuni: Mchepwe alifyungua ntindiri zake kando ya kigwabo. Sasa ajibu. Nani alifyungua ntindiri? Mchepwe. Alizifyungua wapi? Kando ya kigwabo. Ntindiri zilikuwa za nani? Za Mchepwe. Amepata maksi zote, wala hakuna kitu chochote duniani kiitwacho kigwabo. Sarufi imemjibia. Lugha yetu husema kwamba mtu aliyezimia amepoteza fahamu. Katika vyumba vya mtihani tumewahi kuwa na watahiniwa wengi wa namna hiyo, macho wazi na kalamu inakwenda.

Taifa liliuona ugonjwa huu. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini kote tangu mwaka 1967, na mitihani ilikuwa imerudishwa mikononi mwetu: tulijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Lakini Kiingereza kilibaki lugha ya sekondari. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makwetta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wetu wakaona kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wale wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia mafunzo kwa Kiingereza yaanzie hapo. Waliokuwa wakimaliza, kwa wingi wao, walikuwa bado hawajafika penye mwanzo. Na bado ripoti hiyo hiyo ilitaka Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia! Mwalimu Nyerere naye katika miaka hiyo alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na neno lake lilikuwa zito.

Kilichofuata mwaka 1987 kilikuwa mpango wa kusaidia Kiingereza, uliogharimiwa na Uingereza, ambao ulileta mashuleni vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu. Yako mengi ya kusemwa juu ya msaada unaoleta vitabu na kuacha swali la lugha pale pale, na wengine wameyasema. Sisi tutasema jambo moja tu. Vitabu vile vilikuwa vyembamba, na havikuwa na maswali ya mtihani. Tulivisoma tukiwa tunakata majani ya ng'ombe, tukavisoma kando ya mfongo wa maji, na tulipofika mwisho wa kitabu tulitaka kujua kilichompata mtu, wala si kupata maksi. Hapo ndipo wengi wetu tulipofahamu Kiingereza kwa mara ya kwanza.

Leo shule zimeongezeka mno. Wazazi wa Kilimanjaro walikuwa mbele katika kujenga sekondari kwa nguvu zao, na mpango wa taifa wa mwaka 2004 ukaleta shule za kata kila mahali. Mtihani wa kidato cha nne bado una kifungu chake, maswali yake na muhtasari wake. Kwa maoni yetu, kosa kubwa linalobaki katika mazoezi ni woga wa Kiswahili. Mwalimu anaogopa kwamba mwanafunzi akieleza kifungu kwa Kiswahili, Kiingereza chake kitadhoofika. Na ziko shule nyingi zilizowahi kumwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mama yake uwanjani. Tunakubali kwamba katika chumba cha mtihani jibu ni la Kiingereza, wala hakuna atakayemsaidia mtahiniwa hapo. Lakini darasani, kabla ya kuandika jibu lolote, mtoto afunge kitabu aseme habari ile kwa lugha anayoimiliki. Akishindwa kuisema, hakuisoma. Alipita juu yake kama mjusi juu ya ukuta. Dakika tano zinatosha kumwonyesha mwalimu kile ambacho alama 9 kati ya 10 zilimficha.

Wako pia wanaosema kwamba dawa ni kuwapa watoto wetu vifungu vya nyumbani peke yake, vya kahawa na migomba, tuachane na London. Hapo hatuafikiani nao. Mtoto wa Uru anastahili kusoma juu ya ukungu wa London, alimradi ajue kwamba ni ndugu wa ukungu wa Uru. Mtu asomaye habari za kwao tu hujibu kwa anayoyajua, asiitazame karatasi kabisa, na huo nao ni upofu.

Hivi karibuni tulitembelea shule moja ya kata mlimani. Mwalimu, kijana wa miaka isiyozidi 30, alikuwa amechukua kifungu cha kitabu cha zamani kilichoeleza kwamba kilele cha Kilimanjaro kimefunikwa na theluji mwaka mzima. Wanafunzi wakasoma kimya, wakafunga vitabu, wakasimulia kwa Kiswahili. Binti mmoja wa kidato cha pili akanyosha mkono.

“Mwalimu, nimeelewa anachosema. Lakini si kweli.”

Darasa likacheka. Mwalimu akamtaka aeleze. Akasema kwamba babu yake humwambia weupe wa Kibo ulikuwa ukishuka chini sana alipokuwa kijana, na sasa yeye anaona mabaka tu. Mwalimu akalijua jambo hilo. Akaliandika ubaoni kwa Kiingereza, kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake, akawataka watunge maswali matatu ya kumwuliza mwandishi wa kifungu. Kalamu zikaanza kwenda. Baadhi ya wanafunzi wa dirishani walisimama ili wautazame mlima, lakini ilikuwa saa tano na mawingu yalikuwa yameufunika wote. Mwalimu akawaambia waketi waandike, wautazame jioni ukifunguka.